Kati ya Misumari na Rangi

Muhuri wangu hulala kwenye droo ya risiti,
juu ya funguo ambazo wateja hawakurudi kuzichukua.
Kibao dirishani kimepauka: Vyuma. Rangi. Viapo.
Huku kaskazini mwa Maine wakili wa karibu
ni mwendo wa saa moja na nusu, theluji ikikubali.
Mimi nipo, na birika la kahawa li moto.

Leo kaingia Onésime Cyr, buti zikichuruzika,
bahasha kaikumbatia ndani ya koti
kama mtu aliyebeba kifaranga.
Bintiye Lucette kamshika kiwiko.
"Verna," akasema, "nataka unigongee hii."
Utadhani ni msumari.

Nikaomba kitambulisho.
Leseni ilikwisha muda wake tangu Agosti.
Akapekua mifuko: kisu, pipi ya mnanaa,
risiti ya mbegu za viazi,
akasimama katikati ya duka langu
hana cha kuonyesha kwamba yeye ni yeye.

Lakini fomu ina kisanduku kidogo:
Ninamfahamu mimi mwenyewe.
Nikatia alama.
Miaka arobaini na miwili namuuzia bawaba na kamba.
Siku ya kumzika mkewe supu niliipika mimi.
Kisanduku hakikuuliza hayo. Alama ikakitosha.

Mashahidi wawili, na wasiwe warithi.
Lucette akarudi nyuma hatua moja, uso umemshuka:
aketiye mezani hahesabu sahani.
Nikamwita Gaétan wa katapila la theluji, aliyefuata fyuzi,
na Brielle, aliyetimiza kumi na minane Jumanne,
mkononi kopo la rangi ya manjano ya chumba chake.

Wosia kauchapa mwenyewe, kwa taipureta ya marehemu,
kila herufi e imeziba wino.
Sisomi. Kazi yangu si kusoma.
Nafunua kurasa tu, kama mtu ahesabuye mashuka,
na katika ukurasa wa tatu kidole changu kikaanguka shimoni:
*Shamba la chini, kando ya mto, namwachia*
kisha weupe,
weupe wa upana wa jina.

"Onésime, sigongi penye pengo.
Jaza, au kata."

Akaliangalia lile pengo.
Gaétan akajifanya anasoma bei za nyundo.
"Lucette," akasema mzee, "kawashe gari lipate joto."
Kengele ya mlango ikalia, baridi ikaingia, ikakaa.

Akaishika kalamu, akaiweka karatasini,
isisogee. Nukta ya buluu ikaanza kuvimba.
"Télesphore," akaniuliza, hakuinua macho,
"katikati ni f, au ni p na h?"

Ndugu yake yuko ng'ambo ya mto, upande wa Kanada.
Ukiwa kwenye ghala la huyu unauona moshi wa yule.
Miaka thelathini na moja, tangu mavuno yale ya ugomvi,
hajamwandikia hata bahasha.

"P na h," nikamwambia.

Akaandika polepole, herufi moja moja, kama atiaye viazi mtaroni.
Ubavuni akatia herufi za jina lake.
Kisha sahihi. Kisha Gaétan, mwandiko kama nyayo za kuku.
Kisha Brielle, kwa madaha, mkia mrefu chini ya jina.
Nikagonga. Kaunta ikatikisika, misumari ikaongea kwenye makopo.

Akataka kulipa. Nikamwuzia betri za tochi.

Walipoondoka nikafungua daftari:
tarehe, saa, jina, aina ya hati,
na safu ya mwisho, Maelezo,
ambayo kwa kawaida naiacha tupu.
Nimekaa nayo kalamu ikikauka.
Mwisho nikaandika: theluji.

Gaétan akakohoa.
"Fyuzi yangu, Verna. Ya ampea kumi na tano."